Tiketi Mbili au Tiketi Moja?

Juma hili nawaomba tuache habari za vyeti na za karo, twende baharini kidogo.

Swali limeletwa na mzee mmoja wa kigango chetu. Binti yake ni muuguzi huko Italia, naye ataka kuwachukua baba na mama kwa jubilei ya miaka 50 ya ndoa yao, awatembeze kwa meli katika bahari ya Mediteranea. Wakala wa tiketi amemwekea mbele njia mbili: ama anunue safari mbili za siku saba saba, zifuatane katika meli ile ile, ama anunue safari moja ya siku 14. Bei zakaribiana. Mzee akaniuliza, "Mwalimu, tofauti iko wapi? Si bahari ni ile ile, na siku ni zile zile?"

Swali ni zuri, wala si la mzee huyu peke yake. Vijiji vingi sasa vina mtoto ng'ambo, na mtoto mwenye moyo mwema hupenda kuwaonyesha wazazi dunia. Fedha yake ni ya jasho, tena ni ya kazi za usiku. Basi yafaa tulitazame jambo hili vizuri kabla hajalipa.

Kwanza mjue meli zenyewe. Hizi hazichukui shehena kama zile muzionazo Dar es Salaam au Mombasa. Ni hoteli juu ya maji. Usiku yasafiri, asubuhi imefika bandari nyingine, abiria washuka kutembea, jioni wapanda tena. Chumba chako ni kile kile na sanduku hulifungui mara ya pili. Kwa mtu mzima wa miguu hii ndiyo raha yake kubwa, maana mji ndio umfuatao yeye.

Safari za siku saba ndizo zilizo nyingi. Meli yaondoka, mathalani, Civitavecchia, ndiyo bandari ya Roma, kiasi cha kilomita 70 kutoka mjini. Yapita Marseille na Barcelona na visiwani, na siku ya saba yarudi palepale. Zipo meli ambazo kila juma huzunguka njia ile ile, kama basi la mnadani. Nyingine hubadili: juma hili magharibi, juma lijalo mashariki, mpaka visiwa vya Ugiriki na pwani ya Uturuki. Basi anayeunga majuma mawili na aulize neno hili kabla ya mengine yote: je, juma la pili ni njia mpya au ni ile ya jana? Wako watu waliolipa mara mbili wakaona Barcelona mara mbili. Mimi sioni kuwa ni hasara kubwa. Mji mkubwa hauonekani kwa saa sita. Lakini mtu na ajue anachonunua.

Safari ndefu ni kitu kingine. Siku 14 za mfululizo zaipa meli nafasi ya kwenda mbali na isirudi upesi: kuvuka bahari ya Atlantiki, au kupita Mfereji wa Panama, ule uliofunguliwa mwaka 1914, ambako meli hupandishwa kwa malango ya maji mpaka mita 26 juu ya bahari, kisha hushushwa upande wa pili. Mambo hayo hayaingii katika siku saba na kurudi. Mwenye hamu ya mbali na achukue ndefu, wala asihangaike na hesabu nyingine.

Sasa nije kwenye siku ya katikati, ambayo wakala huipitia haraka. Katika safari mbili zilizoungana, siku ya saba meli yote yageuzwa. Maelfu ya watu washuka asubuhi, na maelfu wengine wapanda mchana. Mhudumu wa vyumba ana saa chache tu za kubadili mashuka, kusugua bafu na kupanga taulo katika vyumba vyote vya zamu yake. Wengi wa wahudumu hao ni watu wa Ufilipino, Uhindi na Indonesia, waliowaacha watoto nyumbani kwa miezi mingi. Mapatano ya kimataifa ya kazi za baharini, yaliyoanza kutumika mwaka 2013, yasema baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24. Hesabuni wenyewe kazi inayobaki. Ukikutana naye siku hiyo, msalimu, kisha mpishe njia.

Wewe uliye na tiketi mbili huendi nyumbani. Katika bandari za Ulaya mara nyingi huruhusiwa kubaki melini na kupewa kadi mpya. Katika bandari za Marekani sivyo: abiria wote hushushwa hata meli ikawa tupu, nanyi wa tiketi mbili huongozwa pamoja mpaka kwa maafisa wa uhamiaji, hukaguliwa, ndipo mrudi. Huenda ikachukua muda mfupi, huenda mkasimama sana. Tena chumba. Tiketi mbili ni maagizo mawili, na kama binti hakuomba chumba kimoja kwa majuma yote mawili, mama atahamishwa kutoka ghorofa moja hadi nyingine. Nguo zilizotundikwa hubebwa na wahudumu, lakini vitu vingine hufungwa na mwenyewe. Kwa safari moja ndefu hakuna hayo.

Lakini hilo ni dogo. Jambo linaloweza kuvunja safari nzima ni viza, na hapa nawaomba msome polepole.

Italia, Ufaransa, Hispania, Ugiriki na Malta zimo katika umoja wa nchi 29 unaoitwa Schengen, zenye viza moja. Viza hiyo ina mahali palipoandikwa idadi ya kuingia: 01, au 02, au MULT, maana yake mara nyingi. Wazee wetu wakishuka kwa ndege Roma, hiyo ni mara ya kwanza. Meli ikigusa Tunis, wametoka Schengen. Wakirudi bandari ya Italia wameingia mara ya pili. Juma lifuatalo meli ikigusa Kuşadası katika Uturuki, wametoka tena. Wakiingia Ugiriki ni mara ya tatu. Mwenye viza ya 01 atakuwa amekwama, na hata mwenye 02 haimtoshi. Wala msidhani kwamba jambo hili litagunduliwa huko mbele kwa upole. Wenye meli hutazama pasipoti kabla ya kukupandisha, na viza isiyotosha njia yote ni sababu ya kukuacha gatini na sanduku lako, na fedha hairudi.

Nanyi mtajua kwa nini Kuşadası ina uzito. Ndiyo bandari ya kwenda Efeso, mji ule alioandikiwa waraka na Mtume Paulo. Juu ya kilima karibu na hapo ipo nyumba ndogo ya mawe wanayoiita Nyumba ya Bikira Maria. Kanisa halikutamka kwa hakika kwamba Mama Maria alikaa pale, lakini Paulo VI alifika mwaka 1967, Yohane Paulo II mwaka 1979, na Benedikto XVI mwaka 2006. Mama yule wa jubilei alipoisikia habari hii hakutaka tena kusikia habari za Barcelona. Basi mahali anapopatamani kuliko pote ndipo panapohitaji karatasi kubwa kuliko zote.

Tiketi mbili zina mtego wake hapa. Ubalozi hutoa viza kwa kadiri ya karatasi ulizoonyesha. Mtu huchukua tiketi ya juma la kwanza peke yake, kwa kuwa ndiyo aliyonayo mkononi, akaomba viza. Hupewa siku za kutosha juma hilo, kuingia mara moja. Kisha mtoto anunua juma la pili kwa furaha, na viza haifiki huko. Kwa hiyo, kama ni tiketi mbili, zote mbili ziwekwe mezani siku ile ile, na njia ya meli bandari kwa bandari, na bima ya matibabu inayofika yuro 30,000 kama sheria yao itakavyo, yenye tarehe za siku zote na si za juma moja. Tena msisahau kuuliza utaratibu wa Uturuki wenyewe kwa abiria wa meli.

Walio na watoto Marekani wana sheria nyingine ya kuangalia, nayo ni ya zamani, ya mwaka 1886. Yakataza meli iliyoandikishwa nchi nyingine kumchukua abiria kutoka bandari moja ya Marekani na kumshusha katika bandari nyingine ya Marekani, isipokuwa imegusa bandari ya mbali ya kigeni. Na karibu meli hizi zote za matembezi zimeandikishwa Bahamas, Panama, Malta na kwingineko. Tazameni lifanyikalo: mtu anunua safari kutoka Los Angeles mpaka Vancouver katika Kanada. Ni halali. Anunua nyingine, meli ile ile, kutoka Vancouver mpaka Alaska. Nayo ni halali. Akiziunga, machoni pa sheria amechukuliwa kutoka Los Angeles mpaka Alaska, na Vancouver si bandari ya mbali. Meli hutozwa faini, nayo humdai abiria. Angebadili meli pale Vancouver, pasingekuwa na neno. Sheria hii ina nguvu hata sasa. Mwaka 2021, Kanada ilipofunga bandari zake kwa ajili ya korona, Bunge la Marekani lililazimika kutunga sheria ya muda ili meli zifike Alaska.

Kuhusu fedha sitakaa sana. Safari ndefu ni mkataba mmoja: malipo ya kwanza mamoja, tarehe moja ya kumaliza. Mbili ni mikataba miwili, na tarehe za kumaliza hazilingani. Kampuni ikiahirisha juma la kwanza, la pili lasimama palepale na wewe ndiwe utafutaye njia ya kulifikia. Binti na amwambie wakala aandike jumla ya kila njia, pamoja na kodi za bandari na bakshishi ya kila siku ambayo hukatwa kwa kila mtu, maana bei ya tangazo huyaacha hayo nje. Chakula na michezo ya jioni hurudiwa juma la pili. Kwa wazee hilo si kitu; ukipata samaki mzuri Jumatano, kuna ubaya gani kumpata Jumatano ijayo?

Zoezi la hatari nalo hufanywa mwanzo wa kila safari, na mwenye tiketi mbili huenda akaambiwa alirudie. Watu hulalamika. Wasilalamike. Tarehe 13 Januari 2012 meli Costa Concordia ilitoka Civitavecchia jioni kwa safari ya siku saba, na usiku ule ule ikagonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio. Watu 32 walikufa. Abiria waliopandia Civitavecchia walikuwa bado hawajafanya zoezi, kwa sababu sheria ya wakati ule iliwapa wenye meli saa 24. Tangu mwaka 2015 lazima lifanywe kabla ya kuondoka au mara meli inapoondoka. Wasomaji wa Mwanza na Kagera, mnaokumbuka tarehe 21 Mei 1996 na MV Bukoba, hamhitaji mtu wa kuwaeleza kwa nini mzee ajue lilipo jaketi lake la kuokolea na ngazi ya kwenda kwenye mashua.

Nini basi shauri langu? Kwa kijana mwenye afya na pasipoti nyepesi, ndefu ni nzuri kuliko zote. Kwa wazee wasiopata kulala juu ya maji hata usiku mmoja, mimi nachagua mbili, chumba kimoja, zikianzia bandari iliyo karibu na nyumba ya binti. Mama akishikwa na kichefuchefu juma zima, siku ya saba wamo Civitavecchia na binti aweza kuwapeleka kwake. Fedha ya juma la pili itapotea, ni kweli, isipokuwa bima yao yalipia ugonjwa. Lakini katika safari ya siku 14, siku ya saba huenda mko katikati ya visiwa, na kushuka huko ni ndege, na viza, na hoteli. Na juma la Efeso liwe la pili au la kwanza? Ningeliweka la kwanza. Mzee mgonjwa akiishia hapo, ameishia baada ya kulipata alilolijia.

Viza ikija na 01, msinunue Efeso kwa matumaini. Chukueni juma la Italia, Ufaransa na Hispania, ambalo halitoki Schengen, na mngoje.

Dawa za pressa na za sukari zikae katika mfuko wa mkononi pamoja na cheti cha daktari, zisiwekwe sandukuni, kwa kuwa masanduku huchukuliwa gatini na yaweza kufika chumbani jioni. Na majina katika tiketi yalingane na ya pasipoti herufi kwa herufi. Mwenye cheti cha ubatizo kinachosema Yohana na pasipoti inayosema John, tiketi yake iandikwe John.