Komisioni ya kweli haianzi kwa kulipishwa

Ujumbe wa "kazi ya mtandao" unazunguka sana katika simu za Lubumbashi. Kutoka Katuba hadi Ruashi, unaletwa na mtu anayejulikana: shemeji, mwimbaji wa kwaya, jirani wa avenue moja. Unasema kuna kampuni ya ng'ambo inatafuta watu wa kuitangazia bidhaa. Kazi ni kubonyeza, kutazama au kusambaza matangazo, na malipo ni ya kila siku, kwa dola. Kinachotakiwa ni kitu kimoja tu: kuweka kwanza dola 20 au 50 "kufungua akaunti".

Ujumbe huo unauma zaidi unapofika kwa familia iliyokimbia vita. Baba aliyeacha shamba upande wa Pweto au Mitwaba, mama aliyetoka Goma na watoto, hawana duka wala mshahara hapa mjini. Wana simu, na wana pesa kidogo iliyotumwa na ndugu. Tapeli hahitaji zaidi ya hapo.

Lakini mji huu hauhitaji mtaalamu wa kompyuta ili kuutambua uongo huo. Unahitaji kukumbuka komisioni ni nini.

Kila mtaa una komisionere wa nyumba. Anajua nyumba iliyo wazi, anamleta mpangaji, na mwenye nyumba na mpangaji wakipatana, anapata fungu lake. Nyumba isipopatikana, hakuna komisioni. Komisionere anayedai pesa nono kabla hata ya kuonyesha mlango, watu wanamkimbia. Kwa nini basi wanamkubali yuleyule akija kupitia WhatsApp?

Wengine watajibu kwamba hata mwenye kabini ya M-Pesa au Airtel Money anaweka mtaji kwanza. Ni kweli, lakini mtaji wake anaushika mwenyewe. Uko kwenye simu yake kama uniti au pesa ya kutuma, na kesho akifunga kazi anaweza kuuza kilichobaki. Tena kila komisioni yake inatoka kwa mteja aliyenunua kitu au aliyetuma pesa. Yule aliyeweka dola 50 kwenye akaunti ya mtandao anabaki ameshika namba tu kwenye kioo cha simu.

Kazi ya kutangaza bidhaa kwa komisioni kwenye intaneti ipo kweli. Amazon ya Marekani ilianza programu yake mwaka 1996. Kujiunga ni bure. Mtu anapewa anwani yake ya kusambaza, na mnunuzi akipitia hapo na kulipia bidhaa, mtangazaji anapata asilimia chache. Asiponunua mtu, malipo ni sifuri. Ni kazi ya polepole, inayomfaa mwenye watu wengi wanaomfuata na wenye desturi ya kununua mtandaoni. Mtu ambaye rafiki zake wote wananunua katika soko la Kenya kwa franga mkononi, asidanganywe kwamba atatajirika nayo. Programu ya kweli haifichi jambo hilo. Ya uongo inaahidi faida hata pale ambapo hakuna aliyenunua kitu.

Mfano mkubwa ni TelexFree, kampuni ya Marekani iliyojidai inauza huduma ya kupiga simu kupitia intaneti. Mtu alilipa dola 1,375, akapewa kazi ya kuweka matangazo kwenye mtandao kila siku, akaahidiwa dola 100 kila juma kwa mwaka mzima. Ilifika hadi Rwanda na Uganda. Aprili 2014 serikali ya Marekani iliipeleka mahakamani. Hesabu ikaonekana: huduma ya simu ilikuwa imeingiza kama dola milioni 1.3, huku ahadi kwa watangazaji zikipita dola bilioni 1.1. Pesa iliyowalipa wa kwanza ilitoka mifukoni mwa waliofuata. Mmoja wa wakubwa wake alihukumiwa miaka sita gerezani mwaka 2017.

Wazee wa nchi hii hawakuhitaji kungoja intaneti ili kuona hayo. Mwaka 1991, wakati wa Zaire, Kinshasa ilikumbwa na homa ya Bindo. Watu walipeleka pesa zao wakiahidiwa kuzivuna mara kadhaa baada ya muda mfupi. Wa kwanza walivuna kweli, wakasifu, na wengine wakakimbilia kupeleka zao. Halafu ikaanguka. Na Februari 2025, nchini Tanzania, polisi walikamata watu kwa ajili ya mchezo ulioitwa LBL, ambao wanachama waliweka pesa wakiahidiwa malipo kwa kutazama matangazo ya filamu kwenye simu. Jina linabadilika, hesabu ni ileile.

Hatari kubwa iko kwenye yale malipo ya kwanza. Dola 5 zikiingia, mtu anaamini, anaongeza pesa, kisha anawaita dada yake na wenzake wa likelemba. Mchezo ukifungwa, tapeli hayupo. Anayedaiwa ni yeye, aliyedanganywa akadanganya wengine. Pesa inaweza kutafutwa tena, lakini kikundi cha likelemba kilichovunjika kwa aibu ni vigumu kukirudisha. Kwa mkimbizi wa ndani, kuaminiwa na majirani wapya ndiyo mali ya kwanza anayojenga hapa.

Kwa hiyo maswali matatu yatangulie kabla ya kutuma hata franga moja. Nani ananunua nini, ili komisioni itoke wapi? Kujiunga ni bure au ni kwa kulipa? Pesa iliyopatikana inaweza kutolewa leo yote, bila kulipia "kodi" au "ngazi" nyingine kwanza? Na ikiwa kampuni inapokea akiba za watu na kuahidi riba, Benki Kuu ya Kongo ndiyo inayotoa kibali cha kazi hiyo. Karatasi yenye mihuri iliyopigwa picha haitoshi.

Wachungaji, wakubwa wa avenue na viongozi wa vikundi vya akina mama nao wana kazi. Wasiruhusu kazi kama hizi zitangazwe katika mikutano yao kabla ya kujibiwa maswali hayo. Na aliyekwisha kuliwa pesa asichekwe. Akiogopa kusema leo, kesho jirani yake atatuma dola zake kwenye namba ileile.