TAHARIRI: Kichocho cha utotoni na saratani ya ukubwani

Wengi katika wasomaji wetu walioko Muscat, London au Toronto waliogelea utotoni katika mito na mabwawa ya Pemba, Unguja, Kwale au Tana River. Si wachache waliokojoa damu, wakaambiwa ni kichocho, kisha damu ikakatika na habari ikasahauliwa. Sisi tunasema isisahauliwe.

Minyoo ya kichocho hukaa katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu cha mkojo, na yaweza kuishi humo miaka mingi. Baadhi ya mayai yake hutoka na mkojo, mengine hunasa katika ukuta wa kibofu. Kinga ya mwili huyaona ni adui, huyazingira, na mahali hapo huvimba na kuwaka moto. Tatizo ni kuwa silaha za kinga hazichagui: huziunguza pia seli za kibofu na kuharibu vinasaba vyake. Zinazokufa hubadilishwa kwa mpya, mwaka baada ya mwaka, na makosa hujikusanya hadi saratani ikaanza. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilimweka mnyoo huyu katika orodha ya visababishi vya saratani.

Ajabu ni kwamba kinga hiyohiyo hutumiwa kutibu. Mwaka 1976 Dk. Alvaro Morales wa Canada na wenzake walieleza jinsi walivyotia BCG, ile chanjo ya kifua kikuu iliyotuachia kovu mkononi, ndani ya kibofu ili kuiamsha kinga ishambulie saratani changa. Tiba hiyo ingali ikitumika. Lakini saratani ya kichocho aghalabu ni ya aina nyingine, tena hugunduliwa imeshazama, na mara nyingi kinachobaki ni kukitoa kibofu.

Daktari wa ugenini akisikia damu kwenye mkojo atauliza habari za sigara. Mto uliooga ukiwa na miaka minane haumjii akilini. Mwambie wewe, bila ya haya, na akina mama vilevile. Kipimo ni cha mkojo au damu, na dawa, prazikwanteli, ni ya kumeza.

Na anayetuma fedha nyumbani aulize pia kama watoto wamepewa dawa hiyo skuli, na kama kuna bomba karibu, maana dawa haimzuii mtoto kuambukizwa tena akirudi mtoni kesho yake.