Tunalipia Kisu, Hatulipii Mguu

Mgonjwa wa kisukari anapofika kliniki, uchunguzi wa miguu yake huchukua takriban dakika 10: kukagua ngozi na katikati ya vidole, kupapasa mapigo ya damu, kupima hisia kwa uzi maalumu wa nailoni, na kumwelekeza namna ya kuitunza miguu na kuchagua viatu. Kazi hiyo haina bei yake. Ada ya kumwona daktari ni ileile, miguu ikikaguliwa au isikaguliwe. Lakini kidonda kikioza na mguu ukakatwa, kila hatua hulipiwa: upasuaji, dawa za usingizi, kitanda na vifaa vya kufungia jeraha.

Huo ndio udhaifu wa malipo kwa kila huduma, utaratibu ambao Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya umeutumia kwa miaka mingi kulipa hospitali. Huhesabu yaliyotendwa, hauulizi mgonjwa amenufaikaje. Sisemi kwamba kuna mhudumu anayefurahia kukata mguu. Nasema kwamba kituo chenye foleni ndefu na bajeti finyu huelekeza watumishi na muda kule fedha inakopatikana.

Wapo wanaopendekeza tulipie matokeo pekee: mgonjwa akipona, kituo kilipwe, asipopona, kisilipwe. Hoja hiyo inavutia, ila ina hatari. Kupona hakutegemei tabibu peke yake. Hutegemea pia chakula, kipato, umbali wa kituo na hali aliyofika nayo mgonjwa. Tukilipia kupona tu, mgonjwa aliye hoi atahesabiwa kuwa hasara, naye ndiye anayetuhitaji zaidi.

Majaribio ya malipo kwa ufanisi yaliyoanza mkoani Pwani mwaka 2011 yalitoa motisha kwa huduma zilizoainishwa, ikiwamo ya kujifungua, na akina mama waliojifungulia vituoni wakaongezeka. Fundisho ni kwamba watumishi huitikia kinacholipiwa. Kuchagua cha kulipia, basi, ni uamuzi wa kitabibu, si wa wahasibu peke yao.

Sasa tunapotekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, napendekeza kituo kilipwe ada ya mwaka kwa kila mgonjwa wa kisukari kinachomhudumia, iliyo kubwa zaidi kwa mwenye hatari zaidi. Juu yake iwepo nyongeza pale kumbukumbu zinapothibitisha kwamba miguu, macho, figo na shinikizo la damu vilichunguzwa. Hayo yamo ndani ya uwezo wa mhudumu, na yanapimika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi kwa sasa tunamlipa mjenga ukuta tu.

Nanyi wagonjwa, msisubiri sera ibadilike. Mkiingia chumba cha daktari, vueni viatu, mwombe akague miguu yenu. Hiyo ni haki yenu.