Pedali Ngumu na Siri ya Busta
Mwenye Peugeot 504, gari la jina lile lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, akiteremka Sachangwan kuja Nakuru na kuiona pedali ya breki imekuwa ngumu mfano wa jiwe, asifanye haraka kuzilaumu pedi, bali asimame mahali tambarare, azime injini, akanyage breki mara tano au sita hadi utupu uliosalia ndani ya busta, chombo kiongezacho nguvu ya mguu kwenye breki, uishe, kisha, hali mguu ungali pale pale, aiwashe injini: pedali ikizama kidogo, busta ni salama, isipozama, aghalabu ama mpira uvutao hewa umepasuka, ama valvu yake haishiki, ama kiwambo cha ndani kimetoboka, na mlio kama wa nyoka chini ya dashibodi ndio shahidi wake. Na kwa kuwa busta huishi kwa tofauti baina ya utupu wa injini na uzito wa hewa ya nje, ambayo huwa nyepesi kadiri tuupandapo Mau, ni taksiri kubwa dereva kuzima injini mteremkoni kwa tamaa ya kuweka akiba ya petroli, maana petroli hununuliwa, lakini roho haina duka.