Waiteni waingie: Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Nyaraka za Taifa, Nairobi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kila jioni watu hujaa nje ya jengo lako la Moi Avenue, simu sikioni: "Niko hapa Archives, wewe umefika wapi?" Wakishaonana, huyo, wanakimbilia matatu. Wengi hawajawahi kuvuka kizingiti, wala hawajui kwamba ghorofa ya chini, hatua chache tu kutoka waliposimama, kuna hazina ya sanaa ya Afrika.

Hazina hiyo ni ya Joseph Murumbi, mwana wa mama Mmaasai na baba Mgoa, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Alipoachana na siasa alizama kwenye sanaa, na mwaka 1972 yeye na mpenda sanaa mwenzake Alan Donovan wakaanzisha jumba la sanaa la African Heritage jijini humu. Alikusanya vinyago, vito, nguo na vitabu kwa maelfu, vikiwemo vilivyochapishwa kabla ya 1900. Ng'ambo wangemlipa vizuri zaidi. Akaiuzia serikali yetu, ili vibaki Kenya.

Nyumba yake ya Muthaiga nayo aliiuzia serikali, kwa matumaini kwamba ingekuwa kituo cha taaluma za Afrika. Ilibomolewa. Ndiyo maana naandika kwa uchungu: sehemu kubwa ya kile alichotuachia mzee huyu sasa iko mikononi mwako.

Majuzi niliingia humo na vijana kadhaa wa mtaani kwetu Kayole. Mmoja wao, fundi wa vitanda vya kando ya barabara, aliganda mbele ya kigoda cha mbao kilichobonyea katikati na kung'aa kwa kukaliwa. Alitaka kujua ni mti gani, na aliyekichonga alitumia tezo au patasi. Wenzake walishatangulia, yeye bado ameinama anachungulia miguu ya kigoda. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Sikuwa na la kumwambia. Lakini nilimwona mtu akiisoma kazi ya fundi mwenzake, na nikajua vitu hivi vinamngoja nani.

Kijana kama huyo hufunga kazi jioni. Naomba mlango uwe wazi saa hizo, na Jumapili pia. Naomba pawe na mtu wa kueleza kwa Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 imekitaja kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Tena wachongaji na wachoraji wa Nairobi ya leo wapewe ukuta wao humo ndani, kwa kuwa Murumbi mwenyewe aliwaunga mkono wasanii wa zama zake wakiwa hai.

Najua fedha ni chache. Jioni moja kwa wiki yatosha kuanzia. Wataalamu wako wakitufundisha, sisi walimu wa Eastlands tuko tayari kujitolea kuwapokea wageni.

Wako mwaminifu,
Mwalimu, Kayole