Ajali Hii Ina Kinga

Mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick, aliyechimbua magofu ya Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, alikuta miongoni mwa masalio ya wakazi wa zamani vigae vya vyungu vyenye mifereji myembamba. Vigae hivyo vilikuwa vyombo vya kusagia ushanga. Fundi alishika kipande cha kombe la pwani, akakisugua katika mfereji mpaka kikawa cha mviringo. Kazi hiyo ilikuwa ya polepole, na chombo kilikwenda kwa kasi ya mkono wa fundi: mkono ukisita, nacho husita.

Leo, katika karakana za Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje na Lindi mjini, kazi ya kusaga imekabidhiwa mashine ya umeme inayoshikwa kwa mikono miwili, ambayo mafundi huiita grenda. Mashine ya namna hii ilibuniwa Ujerumani mwaka 1954. Fundi huitumia kukata nondo, kulainisha maungio ya madirisha ya chuma aliyoyachomelea, kuondoa kutu katika nanga, na kukata vigae vya sakafu. Ni msaada mkubwa. Hata hivyo, mashine hii haisiti mkono wa mwenyewe unaposita, na hapo ndipo penye mgogoro.

Fundi anapoumia, majirani humfariji kwa usemi uliozoeleka: ajali haina kinga. Usemi huo una huruma ndani yake, lakini kwa habari ya grenda si wa kweli. Grenda hutoka kiwandani ikiwa na kinga, yaani kile kipande cha chuma kilichopinda ambacho hufunika nusu ya jiwe upande wa mshikaji. Katika karakana nyingi kipande hicho kimekwisha kufunguliwa na kutupwa pembeni. Ajali inayofuata haikukosa kinga. Kinga yake iliondolewa kwa spana.

Mwanafunzi wa fizikia anaweza kulipima jambo hili kwa hesabu fupi. Diski ndogo ya kawaida ina kipenyo cha milimita 115, na mzingo wake ni kama mita 0.36. Grenda ndogo huizungusha mara 11,000 kwa dakika, yaani mara 183 kwa sekunde. Basi ukingo wa diski huenda mita 66 kila sekunde, sawa na kilomita 238 kwa saa. Hakuna basi lipitalo barabara ya Lindi lenye mwendo huo. Kipande cha diski kikikatika huondoka kwa kasi hiyo hiyo, katika mstari ulionyooka, kuelekea popote ukingo ulipokuwa umeelekea.

Juu ya diski nyingi za kukatia imeandikwa kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa: mita 80 kwa sekunde. Hapo diski ndogo imo ndani ya mpaka. Sasa tuseme fundi ameondoa kinga ili apate kufunga, katika mashine ile ile ndogo, diski kubwa ya milimita 230, ambayo imekusudiwa mashine kubwa yenye mizunguko ipatayo 6,500 tu kwa dakika. Mzingo umeongezeka maradufu, na mizunguko haikupungua. Kasi ya ukingo inakuwa mita 132 kwa sekunde. Zaidi ya hayo, kani inayotaka kuichana diski haiongezeki kwa kadiri ya kasi, bali kwa kadiri ya mraba wa kasi. Ukigawa 132 kwa 80, kisha ukatafuta mraba wa jibu, utapata 2.7. Diski hiyo inavutwa kwa nguvu karibu mara tatu ya ile iliyokadiriwa, na hakuna tena chuma kati yake na uso wa fundi.

Wapo wanaosema kwamba mafundi hufanya hivi kwa ukaidi. Shutuma hiyo ni nyepesi mno. Fundi anayo sababu. Diski kubwa iliyolika kiasi bado ina kazi ndani yake, na kuitupa ni kutupa fedha. Kinga humzuia kuingia katika pembe ya dirisha. Tena amekwisha kufanya hivyo mara mia bila kudhurika, na mara hizo mia ndizo mwalimu wake. Mtu wa namna hiyo hashindwi kwa amri iliyobandikwa ukutani. Hushindwa kwa hoja, na hoja ni ile hesabu iliyotangulia: mara mia za usalama hazikubadili kasi ya ukingo wala mraba wake.

Mazingira ya pwani nayo yanaongeza hatari zake. Diski imeundwa kwa chembe ngumu zilizounganishwa kwa gundi maalumu na nyuzi za kioo, na gundi hiyo hudhoofishwa na unyevu na umri. Ndiyo maana diski nyingi huchapwa tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye pete ya chuma iliyo katikati. Diski iliyokaa miezi mingi katika hewa ya bahari, juu ya sakafu yenye unyevu, haina nguvu ya ile iliyotoka dukani ikiwa kavu. Chumvi pia hula plagi na viungo vya waya, na fundi mwenye miguu mitupu juu ya mchanga uliolowa huwa njia nyepesi ya umeme kwenda ardhini. Na karakana iliyoezekwa makuti, yenye dumu la petroli ya mashine ya boti pembeni, si mahali pa kurushia cheche: kila cheche ni chembe ya chuma inayowaka.

Jicho ndilo hulipa mapema. Chembe ya chuma yenye moto hung'ang'ania juu ya kioo cha jicho, na baada ya saa chache huanza kuacha duara la kutu. Mara nyingi mwenzake fundi hujaribu kuitoa kwa ncha ya kijiti au kona ya leso, na hapo kidonda kidogo hupata uchafu na kuwa kovu mbele ya mboni. Jicho lililoingiwa na chembe lisisuguliwe. Ikiwa chembe imepenya ndani, lisibanwe wala kuoshwa kwa nguvu. Lifunikwe kwa kitu kisichogusa jicho, kama kikombe kidogo, na majeruhi apelekwe hospitali. Miwani ya jua haitoshi kuzuia madhara haya. Hutakiwa miwani ya kazi inayofunika na pembeni, na bei yake haifanani hata kidogo na thamani ya jicho.

Mapafu hulipa baadaye. Jiwe la matumbawe ambalo wazee walijengea Kilwa ni chokaa, lakini zege na vigae vya leo vina silika. Vumbi lake laini halionekani vizuri, huingia hadi ndani ya mapafu na kuleta silikosisi, ugonjwa usio na dawa ya kuuponya, ambao pia humfungulia mtu mlango wa kifua kikuu. Kumwagia maji kungepunguza vumbi, lakini maji na grenda ya umeme isiyotengenezwa kwa kazi hiyo havipatani. Basi fundi akatie nje, asimame upande upepo unakotoka, na avae barakoa ya vumbi inayobana uso, wala si kitambaa.

Mambo mengine ni machache, na kila moja lina sababu yake. Plagi ichomolewe kabla ya kubadili diski, kwa kuwa kidole kinaweza kugusa swichi. Diski mpya izungushwe bure kwa muda mfupi, mbali na watu, ili yenye ufa ijidhihirishe kabla ya kazi. Diski ya kukatia isisagie kwa ubavu, kwa maana haikuundwa kuhimili msukumo wa pembeni. Chuma kinachokatwa kifungwe katika jiliwa, na kiegemezwe hivi kwamba mpasuko unafunguka badala ya kubana; mpasuko ukibana diski, mashine humrukia mshikaji. Na msumeno wa mbao usifungwe kamwe katika grenda, hata kama seremala wa mashua ana haraka ya kushusha chombo majini.

Ni nani basi wa kulaumiwa? Mara nyingi lawama humwangukia kijana anayejifunza kazi, naye ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote katika karakana. Hakuichagua mashine, hakuinunua diski, na akidai miwani huambiwa kwamba anaogopa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga. Wajibu huo hauondoki kwa sababu karakana ni ndogo au imejengwa chini ya mwembe.

Shule nazo zina sehemu yake. Mwalimu wa fizikia anayefundisha mwendo wa duara kwa mfano wa jiwe lililofungwa kamba anaweza kuwapeleka wanafunzi wake hadi karakana ya jirani, wakasome mizunguko iliyoandikwa juu ya mashine na kasi iliyoandikwa juu ya diski, kisha wakafanye hesabu mbele ya fundi mwenyewe. Somo halitasahauliwa, na huenda fundi akaiokota kinga yake pale ilipotupwa na kuifunga tena. Siku hiyo usemi kwamba ajali haina kinga utakuwa umepungukiwa na shahidi mmoja.