BARABARA SI MALI YA MWENYE HARAKA
Neno kwa waamini na viongozi wa walei juu ya mwendo, honi na uhai wa jirani



Yapo manung'uniko yanayosikika siku hizi kila mahali jijini mwetu: nje ya kanisa baada ya Misa, katika vikao vya Halmashauri ya Walei, hata msibani. Watu wanawanung'unikia madereva wanaokwenda polepole. Twaambiwa kwamba anayeendesha kwa kilomita 50 kwa saa kati ya Mkuyuni na Buhongwa anaziba njia. Kwamba mzee mwenye gari kuukuu aendaye Kisesa angebaki nyumbani kwake. Kwamba mikokoteni, baiskeli za mkaa na makundi ya ng'ombe havistahili tena kuonekana katika lami. Wanaonena hivyo si wahuni. Ni watu wa heshima, wengi wao Wakristo wenzetu, na husema kwa uchungu kana kwamba wamedhulumiwa.

Haki na dhuluma ndiyo kazi ya Tume hii. Basi hatuna budi kuyapima manung'uniko haya na kuuliza: katika barabara zetu, nani hasa anamdhulumu nani?

1. Tukubali kilicho kweli

Yuko mwenda pole mwenye makosa. Yuko dereva anayekwenda taratibu katikati ya njia huku akiongea na simu, asimpishe mtu. Yuko wa daladala anayesimama palepale mkono ulipopungwa, akabishana nauli na abiria huku magari ishirini yakingoja nyuma yake. Wapo wawili wanaosimamisha magari sambamba ili wasalimiane. Liko lori linalojikokota usiku bila hata taa moja ya nyuma. Hao wote wanadaiwa adabu, na wengine wanadaiwa na sheria pia. Inatupasa kukaa kushoto, kusimama kituoni na kumpisha aliye nyuma yetu pale inapowezekana. Anayewanyima wenzake njia bila sababu anawaibia muda wao, na muda ni mali.

Lakini tuseme wazi: hayo ni kero. Siyo yanayojaza wodi za majeruhi Bugando. Anayempotezea mwenzake dakika tano anaweza kuombwa radhi jioni. Anayempotezea uhai hana wa kumwomba.

2. Anayepigiwa honi ni mtii wa sheria

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Mabasi na magari makubwa ya biashara hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa hata penye njia nyeupe. Kivuko cha watembea kwa miguu ni mahali pa kusimama.

Sasa mtazame dereva anayetii hayo katika Barabara ya Nyerere, kuanzia Mabatini hadi Igoma. Anapigiwa honi. Anamulikwa taa kali kwa nyuma. Anatukanwa dirishani. Akisimama kivukoni ili watoto wa shule wapite, gari la nyuma linachepuka na kumpita, na watoto wale waliomwamini wanajikuta mbele ya gari jingine wasilolitarajia. Hivyo wema wa mmoja unageuzwa kuwa mtego na papara ya mwingine. Hali ikifika hapo, neno "polepole" limepoteza maana yake. Tunaita polepole kile ambacho sheria inakiita halali, na mvunja sheria tunamwita dereva hodari.

3. Tuzifanyie hesabu hizo dakika

Wenye haraka husema wanaokoa muda. Haya, tuhesabu. Kutoka Mwanza hadi Shinyanga ni kama kilomita 160. Basi likishika kilomita 80 kwa saa bila kusimama, litatumia saa 2. Likishika kilomita 100, litatumia saa 1 na dakika 36. Faida yote ni dakika 24, nayo inaliwa na kituo kimoja cha kupakia mizigo. Lakini nguvu ya kugonga haipandi kwa kipimo hicho. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne. Kutoka 80 hadi 100 nguvu hiyo imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Gari lenye mwendo wa 80 hupita mita 22 katika sekunde moja, yaani kabla mguu wa dereva haujagusa breki. Katika mita hizo 22 yumo mama mwenye ndoo kichwani, yumo mtoto aliyefukuzia mpira, yumo mchungaji na ng'ombe wake.

Tena mwaka huo wa 2025, mwezi wa Juni, lilifunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi juu ya ghuba. Aliyezoea kungoja kivuko kwa saa nzima au zaidi, sasa anavuka kwa dakika chache. Watu wa Sengerema na Geita wamepewa muda ambao baba zao hawakuwa nao. Ingetazamiwa kwamba mtu aliyezawadiwa saa nzima awe na subira ya dakika tatu nyuma ya mkokoteni pale Usagara. Je, ndivyo ilivyo?

4. Hesabu ya tajiri

Hata hivyo tusiwatupie lawama madereva peke yao, maana nyuma ya haraka yao iko hesabu nyingine. Dereva wa daladala anatakiwa kila jioni ampelekee mwenye gari kiasi kilichopangwa. Wao wanaita "hesabu". Mvua inyeshe, abiria wapungue, foleni iwepo, hesabu haipungui. Mafuta ni juu yake. Kinachozidi ndicho chakula cha nyumbani kwake na cha konda wake. Kisipozidi, wanalala njaa, na kesho gari anapewa deiwaka. Kijana wa bodaboda naye yumo katika mkataba wa namna hiyo: alete kiasi fulani kila siku mpaka pikipiki iwe yake. Akilala mgonjwa siku mbili, deni linamngoja mlangoni.

Mtu aliyefungwa namna hiyo hawezi kwenda polepole hata akitaka. Ndiyo maana anapakia "mishikaki" ya watu watatu, anapita kulia na kushoto, anashindana na mwenzake kumgombea abiria mmoja. Tunamwona yeye usukani, hatumwoni aliyemsukuma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kazi kwa juma, na kumtaka mwajiri ampe mwajiriwa masharti ya kazi kwa maandishi. Ni madereva wangapi wa Mwanza wanaoyajua maandishi hayo? Katika migomo ya Aprili na Mei 2015, madereva nchini walidai, pamoja na mengine, mikataba ya ajira. Wengi wetu tulikasirika kwa kukosa usafiri siku hizo. Wachache tuliuliza walichokuwa wanadai.

Na hao wenye magari ni akina nani? Wengine ni waamini wetu. Wanakaa viti vya mbele, wanatoa zaka, wanachangia ujenzi wa kigango. Twawaambia kwa upendo na bila kuzunguka: hesabu isiyoweza kutimizwa ila kwa kuvunja sheria ni dhuluma, na fedha yake imechanganyika na damu hata kama gari lako bado halijamgonga mtu.

5. Mwenye bati na asiye na bati

Barabara yetu imepangwa kwa nguvu. Lori halimwogopi mtu. Basi linamwogopa lori. Gari dogo linaliogopa basi. Bajaji na bodaboda vinaliogopa gari dogo. Baiskeli inaviogopa vyote. Na atembeaye kwa miguu, ambaye hana bati wala injini, amesukumwa hadi mtaroni. Huko mtaroni nako anakuta bodaboda. Kisha misafara ya wakubwa inapopita, wote husukumwa pembeni, nao vijana wakijifunza kwamba ukubwa ni kutokungoja.

Mpango huu si wa Mungu wala si wa sheria. Barabara ilijengwa kwa kodi ya wote. Yule mama aendaye soko la Kirumba na beseni la samaki ameilipia kila aliponunua sukari na mafuta ya taa. Mkokoteni una haki ya njia. Mlemavu mwenye kiti cha magurudumu ana haki ya kuvuka kwa mwendo wake mwenyewe. Jamii hupimwa kwa jinsi inavyomngoja aliye dhaifu.

6. Vifo tulivyovizoea

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilisajiliwa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Taifa zima lililia, na kila mtu akauliza nani aliruhusu chombo kijazwe namna ile. Swali lilikuwa la haki. Lakini barabarani hatuulizi, kwa kuwa watu wanakufa mmoja mmoja na wawili wawili, leo Nyegezi, kesho Magu. Ni pale tu wanapokufa wengi kwa pamoja ndipo tunashtuka. Tulishtuka tarehe 5 Septemba 2014, mabasi mawili yalipogongana karibu na Musoma na kuua zaidi ya watu 30. Tulishtuka tena tarehe 11 Januari 2022, magari mawili yalipogongana wilayani Busega na kuua watu wasiopungua 14, wakiwemo waandishi wa habari kutoka hapa Mwanza waliokuwa kazini. Baada ya kila maziko tumesema, "Ni mapenzi ya Mungu." Ndugu zetu, tuache kumsingizia Mungu. Mapenzi ya Mungu hayahitaji kulipita gari jingine penye kona.

7. Mafundisho ya Kanisa

Amri ya Tano haikukoma kwenye panga na bunduki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha kwamba wanaohatarisha usalama wao na wa wengine kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi, iwe barabarani, majini au angani, wana hatia nzito. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa linaloshughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo juu ya uchungaji wa barabarani, ukiwa na amri kumi za dereva. Mwongozo huo unakataza gari lisiwe chombo cha kuonyesha ubabe, na unaagiza kumlinda aliye mnyonge njiani. Hayo si mapambo ya Wazungu. Ni mambo ya kuungamwa, na hakuna msamaha wa pekee kwa padre anayewahi Misa ya pili kigangoni.

Tukumbuke pia njia ya kushuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Wawili walipita bila kusimama, nao walikuwa watu wa hekalu. Aliyekatiza safari yake na kufika kwa kuchelewa ndiye ambaye Bwana alimsifu.

8. Yatupasayo kutenda

Kwanza, abiria avunje ukimya. Dereva anapokimbiza gari, wengi hunyamaza, na wengine humchochea: "Kanyaga, twende!" Mabasi ya masafa marefu yamefungiwa vifaa vya kufuatilia mwendo chini ya usimamizi wa LATRA, lakini hakuna kifaa kinachozidi sauti za abiria arobaini wanaosema kwa pamoja, "Punguza mwendo." Na abiria anayemlaumu dereva anayeshika 80 ajue kwamba anamwagiza mtu avunje sheria kwa niaba yake.

Pili, wenye magari na pikipiki waketi na madereva wao, waandike mapatano yanayotimizika, na wapange siku ya mapumziko. Kofia ngumu mbili kwa kila bodaboda ziwe sehemu ya mapatano hayo.

Tatu, rushwa ndogo ya barabarani ikomeshwe kwa pande zote mbili. Askari anayepokea ana hatia. Anayetoa ili asiandikiwe kosa lake ameinunua ruhusa ya kuhatarisha maisha ya wengine.

Nne, kila parokia ianzie langoni pake. Inasikitisha kuona waamini waliotakiana amani ya Kristo dakika chache zilizopita wakipigiana honi katika uwanja wa kanisa. Vijana wa parokia wapangwe Jumapili kuwavusha wazee na watoto.

Tano, tuwarudishie heshima wenda pole. Mzee wa Kisesa na gari lake kuukuu ametii sheria. Ukimkuta mbele yako, ngoja mahali pa wazi, mpite kwa adabu, mwinulie mkono.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

(a) Katika eneo letu, ni mahali gani watoto na wazee huvuka kwa hofu? Tumemwandikia nani juu ya jambo hilo?
(b) Je, yupo katika Jumuiya yetu mwenye daladala, bajaji au bodaboda? Hesabu anayodai inaweza kutimizwa kwa mwendo halali?
(c) Mara ya mwisho tulipopanda gari lililokimbizwa, tulisema nini?
(d) Ni familia gani jirani iliyofiwa au kupata kilema kwa ajali ya barabarani? Tumeitembelea lini baada ya maziko au baada ya kutoka hospitali?